Maestro Aliyevua Viatu

Mtu wa kwanza kuniambia kwamba honi za teksi za Yeoville, mtaa wa Johannesburg, hulia kwenye noti ya fa alikuwa kinyozi. Alikuwa ameshika mashine ya kunyolea, kichwa cha mteja kimefika nusu, akainua kidole kama mwalimu anayetaka darasa linyamaze. Teksi ikapita nje, ikapiga honi.

"Fa," akasema. "Zile za kwenda mjini njo fa. Za Hillbrow ziko juu kidogo, sababu madereva yao beko na haraka."

Kisha akaendelea kunyoa. Mteja hakushangaa. Baadaye nilielewa kwamba wateja wake wote walizoea kukaa na nusu kichwa wakati kinyozi wao anasikiliza barabara.

Tulimwita Maestro. Wakongo humwita hivyo mtu anayeongoza kwaya, na yeye aliongoza kwaya ya kanisa letu tangu kabla sijafika Johannesburg. Jina lake lilikuwa limeandikwa kwenye cheti cha biashara kilichotundikwa juu ya kioo, lakini sikuwahi kusikia mtu akilitumia, hata mkewe. Nami nitamwacha na cheo chake.

Nilifika mwaka 2015 kufanya kazi kwenye kampuni ya bima huko Midrand, nikitoka Nakuru. Wenzangu wa ofisini walikuwa watu wema, lakini wiki nzima ilikuwa Kiingereza asubuhi hadi jioni, na ikifika Ijumaa ulimi wangu ulikuwa umechoka kama miguu. Mkenya mmoja akaniambia kwamba Yeoville, jirani na Rockey Street, kuna mama wa Lubumbashi anayesuka vizuri na kuongea Kiswahili. Nikaenda Jumamosi. Duka lilikuwa chumba kimoja kilichogawanywa na pazia: upande huu mama anasuka, upande ule mumewe ananyoa. Niliketi pale kwa saa nyingi nikisikia Kiswahili kikipita juu ya pazia, Kiswahili chenye batu na bintu badala ya watu na vitu, chenye njo badala ya ndiyo, chenye Kifaransa ndani yake, na nilikuwa na furaha kama mtu aliyerudi kwao.

Niliposimama kulipa, pazia likafunguka kidogo. Maestro akanitazama.

"Weye ni alto," akasema. "Mazoezi ni saa kumi."

Hakuniuliza kama naimba. Hakuniuliza hata kama nasali. Saa kumi nilikuwa kwenye ukumbi wa kanisa lao, nikiwa na nywele mpya na kichwa kinachouma, nikiimba alto.

Yeye mwenyewe alifika karibu saa kumi na moja. Hilo ndilo jambo lililotuchekesha kuliko yote. Hapakuwa na mtu mkali kama yeye kuhusu mapigo ya wimbo; ukichelewa kidogo tu kuingia kwenye ubeti alikutazama kwa huzuni, kana kwamba umemkanyaga mtoto. Lakini saa ya ukutani kwake ilikuwa pambo. Mkewe alijaribu kumtibu kwa kumwambia kwamba mazoezi sasa ni saa tisa, ili afike saa kumi. Ilifanya kazi kwa muda. Siku alipogundua, alicheka mpaka akakaa chini, akamsifu mkewe kwa akili, kisha akaanza kufika saa kumi na moja na nusu.

Sauti yake ya kuimba ilikuwa mbaya. Nasema hivi kwa upendo. Ilikuwa kama bati linaloburutwa kwenye saruji, na hakuionea haya hata kidogo. Akitaka kuwafundisha soprano sehemu yao, aliiimba yote kwa bati lile, na wao kwa namna fulani wakasikia ndani yake kile alichokusudia, wakakitoa kikiwa safi. Mtu akiimba chini ya noti hakumkemea. Alimkaribia, akamuuliza kwa sauti ndogo, "Umekula?" Aliamini kabisa kwamba noti hushuka kwa sababu ya njaa. Basi kila Jumamosi alikuja na mfuko wa magwinya, yale maandazi makubwa ya huku, bado ya moto, na karatasi yake imelowa mafuta. Wapo walioimba vibaya makusudi.

Aliogopa lifti. Alikuwa amevuka mipaka mitatu kwa lori na kulala vituoni na watu asiowajua, lakini kuingia kwenye kisanduku na kufungiwa mlango hakuweza. Bahati yake ni kwamba wanakwaya wengi walipanga vyumba kwenye maghorofa ya Berea, ambako lifti nyingi zilikuwa zimekufa zamani. Alipanda ngazi na watu wote, akalalamika juu ya serikali na wenye nyumba kama watu wote, na hakuna aliyejua siri yake hadi siku tulipomtembelea mgonjwa kwenye jengo lenye lifti nzima. Alibaki chini. Akasema anamsubiri mtu. Mkewe akatuambia tukiwa ndani ya lifti, nasi tukapanda hadi juu tukicheka.

Kitu alichopenda kuliko magwinya ni utalii. Hilo ndilo neno alilolitumia. Wenzangu wa ofisini walinishauri niende kuona simba, kwamba mgeni hawezi kuishi nchi hii bila kuona simba. Nilipomweleza Maestro, alifikiri kidogo.

"Simba iko na noti moja tu," akasema. "Njoo Jumapili, nikupeleke kusikia jiji."

Utalii wake ulikuwa wa masikio. Alikuwa Mkristo asiyeyumba, aliyefunga na kusali kwa utaratibu, lakini aliamini kwamba binadamu akimwita Mungu hutoa sauti yake iliyo bora, basi mtu anayependa sauti ni mjinga asipokwenda kusikiliza. Alinisimamisha barabarani nje ya msikiti wa Fordsburg tungoje adhana. Alinipeleka kwenye vilima vya mawe juu ya Yeoville, ambako watu wa makanisa ya Sayuni ya huku husali wakiwa na kanzu nyeupe na ngoma, tukakaa mbali kwa heshima, yeye akipiga mapigo yao kwa vidole juu ya goti. Hekalu la Wahindi alilipenda kwa kengele zake ndogo. Hakuingia mahali bila kuomba ruhusa, na hakutoka bila kushukuru.

Lakini mahali alipopapenda kuliko pote palikuwa hekalu la zamani la Wachina.

Lilikuwa upande wa magharibi wa katikati ya jiji, kwenye mtaa ambao Wachina wa kwanza waliishi kabla wengi wao hawajahamia vitongoji vya mbali. Ukipita kwa gari huwezi kuliona. Kuna duka la jumla linalouza masufuria na blanketi, kuna mkahawa uliofungwa, na katikati yao kuna geti jekundu lililobabuka rangi. Maestro alilipata miaka mingi kabla yangu, siku aliyokwenda mtaa huo kununua vipuri vya mashine zake. Alisikia kengele. Alisema mlio wake haukwisha kama kengele nyingine. Ulikuwa unaondoka polepole, kama mtu anayeaga kila mmoja sebuleni. Akaifuata sauti, akasukuma geti, akaketi uani. Bibi mmoja wa Kichina akatoka na fagio, akamuuliza anataka nini.

"Kengele," akamjibu. "Naomba uipige mara nyingine."

Bibi huyo ndiye aliyelitunza hekalu. Aliniambia mwenyewe baadaye kwamba watu huja pale kuomba mali, kuomba watoto, kuomba kufaulu mtihani, na kwamba mgeni yule ndiye mtu pekee aliyewahi kuja kuomba kitu kilichokuwa tayari kinaning'inia pale. Akaipiga. Tangu siku hiyo wakawa marafiki.

Maestro alimwita Gogo, kama watu wa hapa wanavyomwita bibi, na jina hilo lilimfaa. Alizaliwa Johannesburg. Baba yake alikuwa na duka dogo, spaza ya enzi hizo, la kuuza sabuni na mafuta ya taa, na yeye alikua nyuma ya kaunta, kwa hiyo Kizulu chake kilikuwa kizuri kuliko chetu sote. Yeye na Maestro waliongea Kiingereza kilichochanganywa na kila kitu. Waligombana kila walipoonana, hasa juu ya chai. Gogo alimpa chai ya Kichina kwenye kikombe kidogo kisicho na mshikio. Maestro alitoa sukari mfukoni, aliyoibeba kutoka nyumbani, akaimimina.

"Unaiua," Gogo alisema.

"Naiamsha," Maestro alijibu.

Mimi nilikwenda mara ya kwanza Jumapili moja ya mwaka 2016, baada ya ibada, pamoja na wanakwaya wachache. Ua ulikuwa mdogo, umefagiwa hadi ukang'aa. Paa lilikuwa la vigae vya kijani vyenye ncha zilizopinda juu, na kwenye ncha hizo walikaa majoka wa udongo ambao mvua ya mawe ya Johannesburg ilikuwa imewavunja masikio. Taa za karatasi nyekundu zilining'inia barazani. Harufu ya udi ilikuwa nzito na tamu, ikaniingia kwenye nywele ikakaa humo hadi Jumatano, na ofisini mtu mmoja akaniuliza ninatumia manukato gani.

Mlangoni Maestro aliinama, akafungua kamba za viatu vyake, akavivua, akavipanga ukutani. Soksi yake moja ilikuwa na tundu kwenye kidole gumba. Sisi tuliomfuata tukavua vyetu bila kuuliza. Gogo aliitazama miguu yetu, kisha akageuza uso upande mwingine kwa adabu, jinsi mtu anavyogeuza uso akimkuta mwenzake anasali.

Ndani mlikuwa na nusu giza la kupendeza. Nilitarajia sanamu moja. Nilikuta nyumba nzima ya wakazi. Gogo alituonyesha mmoja mmoja kama mtu anayetambulisha ndugu zake. Katikati alikaa Buddha, macho yamefumba nusu. Kulia alikuwapo mzee mwenye ndevu ndefu wa Njia, dini ya Watao. Kushoto palikuwa na mwalimu wa kale wa Wachina, aliyefundisha watu namna ya kuishi na wazazi na majirani. Kando yao, kwenye chumba chake mwenyewe, alisimama bibi wa huruma ambaye mabaharia na akina mama humlilia. Dini tatu, alisema Gogo, chini ya paa moja, kwa sababu wazee waliolijenga hawakuwa na fedha za mapaa matatu, na baada ya muda wakaona hakuna aliyegombana.

Maestro alisimama mbele ya yule mwalimu. Mbele yake palikuwa na sahani ya machungwa yaliyopangwa kama kilima.

"Munaona," akatuambia. "Kwa hawa, hata mwalimu anawekewa matunda."

Ukuta wa nyuma ulikuwa na vibao vya mbao vyenye maandishi ya dhahabu, majina ya marehemu. Wengi walikuja kutafuta maisha kwenye mji wa dhahabu, Gogo alisema, na wengi hawakupata nauli ya kurudi. Hapa ndipo walipopata mtu wa kuwataja. Maestro alimwomba awasome kwa sauti, naye akasoma kibao kimoja baada ya kingine, na sisi tulisimama na soksi zetu tukisikiliza majina ya watu tusiowajua. Nadhani kila mmoja wetu alimfikiria mtu wa kwao aliyezikwa mbali.

Mimi nilikuwa na wasiwasi. Nimelelewa kwenye nyumba ambayo sanamu zilitajwa kwenye mahubiri tu, na sikujua mikono yangu niiweke wapi. Nikamnong'oneza, "Maestro, niiname au nisiiname?"

"Umefika kwa batu," akajibu. "Kwa batu unasalimia. Kuabudu ni kingine, na hakuna mutu amekuomba."

Basi nikainamisha kichwa kidogo, kama ninavyowasalimu wakwe za dada yangu, na moyo wangu ukatulia.

Kisha Gogo akapiga kengele. Sitajaribu kuieleza, Maestro alishaieleza vizuri. Ilipokwisha kabisa Gogo akasema, "Yangu mmeisikia. Sasa nataka yenu." Tukatoka uani tukaimba wimbo wa kumshukuru Mungu kwa Kiswahili, kwa sauti nne. Mzee mmoja aliyekuwa akipanga matunda ndani alitoka akaketi kwenye ngazi. Wauzaji wa duka la masufuria walichungulia. Tenor mmoja alirekodi kwa simu, na jioni akaituma kwenye kundi la WhatsApp la kanisa, kwa sababu tuliimba vizuri na alitaka watu wajue.

Watu walijua. Waliona majoka, waliona moshi wa udi, waliona kwaya yao pekupeku mbele ya mlango wa hekalu.

Pasta wetu alikuwa kijana mpole aliyependa amani, na wazee wa kanisa hawakumwachia nafasi ya kuwa na amani. Aliyekuwa mkali zaidi ni mzee mmoja wa kutoka Kalemie, fundi cherehani, mtu mwaminifu aliyeshona majoho yetu yote bila malipo. Aliuliza mbele ya kikao, "Viatu vinavuliwa mbele ya Mungu. Maestro alivua kwa ajili ya nani?" Maestro aliambiwa apumzike kuongoza kwaya hadi jambo lichunguzwe.

Hakubishana. Jumapili iliyofuata alikaa kiti cha nyuma kabisa akiwa na tai yake, mikono ameikalia ili isipige mapigo. Kwaya iliongozwa na msaidizi wake, nasi tuliimba kama watu waliofungwa macho. Wiki zikapita. Mkewe ndiye aliyekasirika kwa niaba ya nyumba nzima.

"Nimemwambia tuhamie kanisa lingine," aliniambia akinisuka, akivuta nywele kwa nguvu kuliko kawaida. "Anasema kwaya si kabati, huwezi kuibeba uende nayo."

Upande wa pili wa pazia mashine ya kunyolea ililia peke yake. Teksi zilipita na kupiga honi, na Maestro hakusema kitu. Hilo lilinihuzunisha kuliko kikao cha wazee. Hekaluni pia aliacha kwenda. Hakukatazwa, alisema tu kwamba hataki kwenda mahali kwa kujificha, kwa sababu kujificha kungemfanya Gogo aonekane kitu cha aibu.

Siku moja nilipita mtaa ule kwa shughuli zangu, nikasukuma geti jekundu. Gogo alikuwa akimwagilia maua.

"Mtu wangu wa sukari yuko wapi?" akauliza. "Anaumwa?"

Nikamweleza yote. Alisikiliza bila kukatiza, maji yakimwagika kwenye chungu kimoja cha maua hadi kikafurika. Kisha akauliza kanisa letu liko wapi, na ibada inaanza saa ngapi. Nilidhani anauliza kwa adabu.

Jumapili iliyofuata pasta alikuwa katikati ya mahubiri mlango wa ukumbi ulipofunguka. Tulikodi ukumbi wa shule, wenye sakafu ya saruji na milango inayolia. Gogo alisimama pale akiwa na koti la bluu la hariri, mfuko wa machungwa mkononi. Aliangalia ndani, akaangalia chini. Kisha akaweka machungwa kando, akashika ukuta kwa mkono mmoja, akavua kiatu cha kwanza, akavua cha pili, akavipanga sawasawa mlangoni. Vilikuwa viatu vidogo vyeusi, kama vya mtoto wa shule. Akachukua machungwa yake, akatembea katikati ya ukumbi kwa soksi nyeupe hadi safu ya mbele, akaketi.

Pasta alishuka madhabahuni, akamwinamia, akamsalimu kwa Kiingereza, akamuuliza kama miguu inamuuma.

"Miguu yangu ni mizima," Gogo akasema. Sauti yake ilikuwa ndogo lakini ilifika hadi kiti cha nyuma. "Nimekosea? Mtu wenu akija kwangu huvua viatu kila mara. Kwetu hakuna anayevua. Watu huingia na matope ya barabarani, na mimi ndiye ninayefagia. Lakini yeye huvua. Nikafikiri, dini yake ndivyo inavyomfundisha, kwamba ukiingia nyumba ya sala unavua viatu. Nami nimekuja nyumbani kwake, basi nikavua."

Pasta aliinua uso akatafuta kiti cha nyuma. "Maestro," akasema kwa Kiswahili, "viatu si sheria ya hekalu lao?"

Maestro alisimama taratibu. Sijawahi kuona uso wake ukiwa na haya namna ile.

"Pasta," akasema, "miye nilifikiri njo sheria yao."

Soprano mmoja akaanza kucheka. Alijaribu kuziba mdomo kwa kitambaa, ikashindikana, na kicheko kikahama kutoka kiti hadi kiti. Pasta akamtafsiria Gogo, naye akafunika uso kwa viganja, mabega yakatikisika. Miaka yote ile mmoja alivua kwa kumheshimu mwenzake, mwenzake akageuza uso kwa kumheshimu yeye, na hakuna aliyemuuliza mwingine.

Yule fundi cherehani wa Kalemie hakucheka. Alikuwa safu ya mbele, viti viwili tu kutoka kwa Gogo. Niliona anaitazama miguu ile yenye soksi nyeupe juu ya saruji baridi. Akainama, akaanza kufungua kamba za viatu vyake. Alichukua muda, kwa kuwa alikuwa mzee na vidole vilikuwa vimekakamaa kwa sindano.

"Mugeni hawezi kukaa vile peke yake," akasema, si kwa mtu yeyote hasa.

Baada yake ilikuwa kelele ya viti tu. Watu walivua, wengine wakasaidiana, akina mama wakawavua watoto. Pasta alivua mwisho, akarudi madhabahuni akiwa amesahau mahubiri yamefika wapi, akafunga Biblia. Akasema, "Maestro, kwaya yako inakusubiri."

Tuliimba siku ile kama tulivyoimba uani kwa Gogo, na ninaamini tuliimba vizuri zaidi, kwa sababu mikono yake ilikuwa imekaliwa muda mrefu na sasa ilikuwa na njaa. Baada ya ibada Gogo aligawa machungwa. Viatu vilivyorundikana vilichanganyika, na bass mmoja alikwenda nyumbani na kiatu cha pasta mguu wa kushoto.

Si wote waliofurahi. Familia moja iliondoka, ikaenda kanisa lingine, na Maestro alikwenda kuwaaga. Lakini fundi cherehani alimshonea Gogo vitambaa vipya vya meza za matunda, vyekundu vyenye pindo la dhahabu, na walibishana kwa muda mrefu juu ya upana wa pindo. Gogo alikuja kanisani mara moja moja. Alisema nyimbo zetu ni nzuri ila ni ndefu mno.

Mwishoni mwa mwaka 2019 kampuni ilinihamishia Nairobi. Mama yangu alisafiri kutoka Nakuru kuja kunisaidia kufunga mizigo, ingawa nadhani alikuja kuhakikisha kwamba naondoka kweli. Mama ni mtu mgumu kufurahisha. Johannesburg aliiogopa, alitembea ameshika mkoba kifuani kama mtoto mchanga. Jumamosi ya mwisho nikamwambia kuna watu lazima awaone.

Maestro aliugua majira ya baridi ya mwaka ule, na mkono wake wa kulia ukawa unatetemeka. Hakunyoa tena, kijana wa nduguye alichukua nafasi yake, naye akakaa kwenye kiti cha plastiki karibu na mlango, amefunga tai. Tulipoingia alisimama, akashika mkono wa mama kwa mikono yake yote miwili.

"Mama ya Mukenya," akasema. "Miye nilimufundisha alto. Lakini sauti alitoka nayo kwako. Sasa unipe wimbo mumoja wa kwenu, ule wa zamani."

"Mimi siimbi mbele ya watu," mama akasema, kwa sauti yake ya kikao cha akina mama.

"Haiko shida. Geuza kiti. Angalia ukuta."

Nilijua mama atakataa. Nilikuwa tayari nikitafuta maneno ya kuomba radhi kwa wote wawili. Mama alimtazama mzee yule na tai yake, akautazama mkono unaotetemeka. Akaweka mkoba chini. Akageuza kiti hadi akaelekea ukuta, mbele ya picha za mitindo ya nywele zilizopauka, akaanza kuimba kwa Kikuyu, polepole, wimbo wa kumlaza mtoto.

Sikuwahi kuusikia. Niliishi na mama utoto wangu wote, nikamsikia akikemea, akisali, akipanga bei sokoni, na wimbo huu sikuujua. Mke wa Maestro aliacha kusuka, vidole vikiwa bado ndani ya nywele za mteja.

Mama alipomaliza hakugeuka. Maestro akaujaribu. Alianza vizuri kwa lile bati lake, akafika mstari wa pili, akapotea.

"Hapana," mama akauambia ukuta.

Akajaribu tena, akapotea palepale. Kiti cha mama kikalia kwenye sakafu, alikuwa amekigeuza. Akakisogeza mpaka magoti yao yakakaribiana.

"Unapanda mapema mno," akamwambia. "Mtoto bado hajalala hapo. Ngoja kwanza. Nifuate mimi."

"Ndiyo, Mama," Maestro akasema, akaweka mikono yote miwili juu ya magoti yake.

Simu yangu ikaita. Ilikuwa dereva niliyemwita atupeleke Midrand kumalizia mizigo. Yuko kwenye robot ya pili, yaani taa za barabarani kwa lugha ya huku, alisema, anafika. Nikamwambia samahani, arudi, nitampigia baadaye. Nikavuta kiti kilichokuwa wazi, nikaketi kando yao, na mama akaanza mstari wa kwanza upya kwa ajili yetu wote wawili.